Wanja wa Mavuta ya Ng'ombe

Mimi si mtu wa subira. Ukiniambia ningoje maharagi yaive, nitaongeza kuni mpaka yaungue. Kitu kimoja tu kimeweza kunituliza katika maisha yangu, nacho ni wanja. Ukimchora mtu jicho ukiwa na hasira, mkono unatetemeka, na mkono ukitetemeka mkia wa wanja unakwenda ovyo kama njia ya mbuzi. Basi kabla ya kuchora, nanyamaza kwanza. Nyumbani wanajua. Wakiniona kimya asubuhi wanaulizana, "Leo kuko arusi ya nani?"

Hapa Bihambwe sina salon. Nina kiti kimoja karibu na mlango, maana nyumba yetu ya mbao haina mwanga kwingine. Ukungu ukishapanda, mwanga unaingia pale mlangoni na kumpiga mtu upande mmoja wa uso. Nachora jicho hilo, halafu namwambia ageuze kiti nichore la pili. Kioo changu kilikuwa cha pikipiki. Jirani alianguka nayo kwenye matope, pikipiki ikafa, kioo kikapona, nami nikakiomba na kukipigilia ukutani. Kinaonyesha jicho moja kwa wakati, na ni vizuri hivyo. Mtu akijiona uso mzima kabla sijamaliza, anaanza kunipa mashauri.

Rula yangu ni karte ya uchaguzi, ile kadi ya kupigia kura. Usicheke. Unaiegemeza kuanzia tundu la pua hadi mwisho wa nyusi, ukingo wake unakupa mstari, unapitisha wanja hapo hapo, na mkia unatoka umenyooka. Ukingo wa karte yangu umekuwa mweusi. Kwenye bariyeri moja, njia ya kwenda Masisi, askari aliigeuzageuza akaniuliza, "Mama, hii karte uliitoa mu moto?"

Nikamjibu, "Hapana, kaka. Ni ya kazi."

Akaniangalia macho, akanirudishia. Siku hiyo nilikuwa nimejichora vizuri.

Kazi yenyewe niliipatia Goma, miaka ile tulipokuwa tumekimbia. Nilikuwa nafagia nywele katika salon ya mama mmoja, nafagia huku naangalia anavyochora. Siku moja aliyekuwa akimsaidia hakuja, na wateja wamejaa. Mama akaniita, "Weye unayeangalia kila siku, kuja ufanye." Nilifanya vibaya sana. Jicho la yule mteja lilitoka kama la paka aliyetoka kupigana. Mama alifuta kwa pamba na mafuta, akanipiga kidole mkononi. "Usikandamize! Ni jicho, haiko kirayi." Viazi nilikuwa nimevijua tangu nizaliwe, macho bado. Nilijifunza polepole, kwa kufuta kuliko kuchora.

Tuliporudi kilimani nilirudi na kazi hiyo, na wamama wa kanisa hawakufurahi. Mmoja wao alinisimamisha baada ya ibada, mbele ya watu. "Macho ile ni ya kutafutia nini, na bwana uko naye?"

"Ya kutafutia njia, Mama," nikamwambia. "Ukungu ni mingi."

Alikasirika. Lakini arusi ya binti yake ilipofika, huyo binti alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, na ni mama yake aliyemtuma. Hivyo ndivyo kanisa letu lilivyonikubali, kwa mlango wa nyuma.

Ninalotaka kusimulia hapa ni la mdogo wangu. Kwa Papa, baba yetu, tulibaki wasichana wawili, mimi na yeye. Yeye ni mrefu, mkono wake una nguvu kwenye jembe, na mdomo wake hauna sukari. Anasema kitu kilivyo, kisha ananyamaza. Alipendwa na mchuuzi wa mafuta ya mawese kutoka Ntoto, kule chini upande wa Walikale. Kijana huyo alipanda hadi soko letu na madumu yake, akauza, akashuka. Akarudi. Akarudi tena hata siku ambazo hakuwa na mafuta. Papa akasema, "Mucuruzi anayekuja bila mali, anatafuta ya kubeba." Wazee wakakaa, wakasemezana, dote, yaani mahari, ikatolewa, siku ikawekwa.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza, kwa sababu ya desturi yetu. Katika ukoo wetu, bibi arusi hatoki kwa baba yake na macho makavu. Asubuhi ya arusi anafungiwa jikoni na wamama wa ukoo. Wanamwimbia, wanamkumbusha alikotoka, wanamtajia waliokufa, mpaka alie. Akishalia, shangazi, dada ya baba, anafungua mlango, anamshika mkono na kumvusha kizingiti cha nyumba kubwa mbele ya wakwe. Asipolia, shangazi hamshiki. Anatoka peke yake, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Msichana mmoja wa kilima cha juu alitoka hivyo. Alipochelewa kupata mtoto, watu walisema, si alitoka bila mkono? Upepo ulipong'oa mabati yake, wakasema hivyo hivyo. Hata akikohoa leo, kuna mtu atakumbuka.

Na mdogo wangu halii.

Lazima niseme vizuri. Mama yetu alitufia njiani. Vita vilifika, tukakimbia tukielekea upande wa Burungu, na Mama alikuwa mgonjwa tangu kabla. Mvua ilimmaliza. Papa na wanaume wengine walichimba kaburi kando ya shamba la mtu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikawekewa mzigo kichwani, nikaambiwa nitangulie na shangazi. Nilitangulia nikilia njia nzima, kamasi mpaka kidevuni. Mdogo wangu alikuwa bado mtoto, akabaki nyuma na Papa. Walipotufikia alikuwa mkavu. Hakulia siku hiyo, hakulia Goma tulipokaa matanga, hakulia tena kwa kitu chochote. Jembe lilimkata mguu, akafunga kitambaa, akaendelea kulima. Mimi, kuku akifa, nalia.

Shangazi alimpenda sana Mama, walikuwa kama watoto wa tumbo moja. Hakumsamehe yule mtoto. Alisema wazi, "Mu kifua yake kuko jiwe." Na arusi ilipokaribia alikuja nyumbani, akaketi, akakataa hata chai.

"Mie sitashika mukono ya mutu ambaye hakulilia hata mama yake. Nimesema."

Papa alikuwepo. Aliangalia chini, akatoka akaenda kwa mbuzi wake.

Sikumchukia shangazi. Ni yeye aliyetubeba, ni yeye aliyetulisha. Lakini niliogopa, nasema wazi. Mdogo wangu alikuwa anakwenda mbali, kwa watu wasiomjua, kwenye joto la msituni na lugha nyingine, na mambo kama haya yanatembea haraka kuliko pikipiki. Akifika Ntoto bila mkono wa kwao, nani angemheshimu?

Siku moja tulikuwa tunamenya mihogo nyuma ya nyumba, akaniambia, "Dada, utanichora macho."

"Nitakuchora."

"Ile ya mukia. Murefu."

"Sababu gani murefu? Weye hupendagi mambo ile."

Akaendelea kumenya. "Kama sitalia, waangalie kintu ingine."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Nikaweka kisu chini. Nikamshauri kitunguu: unakisaga, unakipaka pembeni ya kitambaa, unajifuta nacho wamama wanapoimba. Nawajua mabibi arusi wengi waliotoka kwa kitunguu, na ndoa zao zimesimama vizuri.

"Siendi kwa bwana na machozi ya kitunguu," akasema.

"Basi toka na macho kavu, shangazi akuache mu mulango sawa mbuzi ya soko!"

"Nitajaribu kulia."

Alisema hivyo kama mtu anayesema atajaribu kuamka mapema. Akaniambia alikuwa anajaribu shambani, akiwa peke yake. Anamfikiria Mama, anafikiria lile shamba la mtu, na kitu kinapanda. "Inafika hapa," akagusa koo, "halafu inarudi." Nilitamani kumkumbatia, lakini mikono yangu ilikuwa na utomvu wa mihogo, na yeye si mtu wa kukumbatiwa. Nikamwambia tu kwamba nitamchora mkia ambao Ntoto hawajauona.

Shida ni kwamba wanja wangu ulikuwa umekwisha. Kile kichupa nilichotoka nacho Goma kilikuwa kimekauka mpaka nakiongezea mate, Mungu anisamehe, na barabara ilikuwa imefungwa tena, wachuuzi hawapandi. Nikasema, mweusi ni mweusi. Nilichovya utambi wa pamba katika mafuta ya mawese, nikauwasha, nikafunika kwa sahani ya bati. Masizi yakashika chini ya sahani, laini kuliko unga. Nikayakwangua kwa karte yangu. Kuyachanganya ndiyo ilikuwa kazi. Kwa mawese yalitoka na wekundu, mdogo wangu akaonekana kama anaumwa macho. Vazelini iliteleza hadi shavuni. Kisha nikakumbuka yule mama wa Burungu anayepita akiuza mavuta ya ng'ombe, yaani siagi, ndani ya majani ya migomba. Nilichukua kidogo, nikayeyusha juu ya makaa, nikakoroga na masizi.

Weee! Huo ulikuwa wanja. Ukiwa wa moto kidogo unateleza vizuri kwenye kijiti cha ufagio. Ukigusa ngozi, baridi yetu inaushika palepale, unakauka kama mshumaa. Nilimjaribia mdogo wangu asubuhi moja. Alikwenda nao shambani kwenye ukungu, akarudi na mzigo wa viazi vitamu mgongoni, na mikia miwili iko palepale ilipokuwa, imesimama. Niliwasifia watu wote kazi yangu. Nilimwambia mume wangu kwamba wazungu wanaotengeneza wanja waje wanifuate kilimani.

Asubuhi ya arusi nilinyamaza tangu kuamka. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamfunga kitambaa nywele zisianguke, nikamfuta uso kwa maji baridi. Baridi ilikuwa kali, pumzi zetu zilionekana. Wanja niliuweka kwenye kijiko juu ya makaa, mbali naye. Nikaanza na jicho la kulia. Mstari wa kwanza unaupitisha karibu kabisa na kope, mwembamba kuanzia upande wa pua, ukinenepa kidogo kidogo. Ukifika pembeni unasimama. Hapo wengi wanaharibu, wanaendelea chini na jicho linaonekana limechoka. Unaegemeza karte, unainua kijiti, unavuta kwenda juu kuelekea mwisho wa nyusi, mara moja, bila kurudi nyuma. Kisha unarudi kutoka ncha hadi kwenye kope, unajaza katikati. La kulia lilitoka vizuri. La kushoto likapanda juu kuliko mwenzake. Nikafuta, nikachora, likashuka chini.

"Unapumua sana," nikamwambia.

"Nisipumue?"

"Pumua na tumbo."

"Dada, chora. Bakwe wako njiani."

Nikafuta tena. Mara ya tatu nilifunga na mimi pumzi, na jicho likamfuata mwenzake. Nilirudi nyuma hatua moja nikamwangalia. Alikuwa mzuri. Macho yake, ambayo watu waliyaita makali, yalikuwa sasa macho ya mtu anayejua anakokwenda. Akajiangalia kwenye kile kioo, jicho moja, kisha la pili.

"Iko sawa," akasema. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Wamama wakaja wakamchukua. Wakamwingiza jikoni, wakafunga mlango. Mimi nilikwenda kupanga viti vya kanisa uwanjani na kupokea wakwe, waliokuwa wanapanda kutoka barabarani wamechoka, viatu vimejaa matope. Mama ya bwana arusi alikuwa mfupi, mwenye tabasamu, ana kitenge kipya kilicholowa pindo. Nikampa kiti. Nikampa chai. Nilikuwa namwuliza habari za njia wakati niliponyanyua macho, nikaona moshi unatoka juu ya paa la jikoni.

Wewe unayesoma umeshaliona tangu zamani. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimechora bibi arusi kwa siagi, nikampeleka kukaa na wamama sita wanene ndani ya chumba kidogo, mbele ya moto.

Nikaacha birika mikononi mwa mtu na kukimbia. Nikagonga mlango. "Munifungulie!"

"Ngojea! Bado hajalia!"

"Mama, ni jambo ya macho!"

"Siye pia tuko mu mambo ya macho! Toka pale!"

Wakaimba kwa sauti zaidi ili wasinisikie. Nilisimama pale na mikono kichwani. Wimbo ulikuwa ule wa kumtaja marehemu, na nilisikia shangazi akimtaja Mama kwa majina yake yote ya sifa, sauti yake ikikatika. Mimi mwenyewe nikaanza kulia pale nje, kama kawaida yangu. Mara wimbo ukakatika. Kisha vigelegele vikapasuka kana kwamba paa litaruka, na sauti ya shangazi juu ya zote:

"Amelia! Mutoto amelia! Bwana asifiwe, amelia!"

Mlango ukafunguka. Shangazi alitoka kwanza, machozi yanamtiririka, na nyuma yake, akiwa amemshika mkono kwa nguvu, mdogo wangu. Mikia yangu haikuwepo tena. Palikuwa na michirizi miwili myeusi kutoka machoni hadi kwenye taya, na mingine midogo pembeni. Alionekana kama mtu aliyelia tangu jana yake. Wamama walikuwa wanapiga makofi, mama ya bwana arusi akasimama akicheka kwa furaha, wanaume wakavua kofia. Nikasema moyoni, aksanti Mungu, aksanti ng'ombe. Nilifikiri limekwisha. Zilibaki hatua chache tu kufika kizingiti cha nyumba kubwa, na kwenye kizingiti mdogo wangu akasimama.

"Shangazi."

"Twende, mwanangu. Twende."

"Shangazi, ngoja. Sikulia. Ni mavuta ya ng'ombe. Imeyeyuka sababu ya moto."

Ningekuwa karibu ningemfinya mpaka atoke damu. Nani alikuuliza? Nani? Watu wote wamefurahi, mkono umeshikwa, umebakiza kuinua mguu! Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Shangazi alimwangalia, akapitisha kidole kwenye shavu lake, akakinusa. Yeye amekulia kwenye maziwa, anajua harufu ya siagi. Uso wake ulibadilika. Hakufoka. Aliufungua mkono wake polepole na kuuachia wa mdogo wangu.

"Hata leo," akasema. "Nimemuita mama yako mbele yako, na hata leo."

Mama ya bwana arusi aliuliza kwa sauti ndogo kumetokea nini. Kijana wake alipiga hatua moja mbele, mjomba wake akamshika koti. Mdogo wangu alibaki kizingitini, mikono chini, uso mweusi. Hakuomba msamaha na hakuangalia pembeni. Nilitaka kwenda kumshika mimi, lakini mimi si shangazi, mkono wangu haukuwa na kazi pale.

Ndipo Papa akainuka. Papa anaongea na mbuzi kuliko watu, na kwenye dote nzima aliwaachia wazee wengine wasemee. Alitoka kwenye kiti chake, akapita katikati ya wakwe, akasimama mbele ya dada yake.

"Huyu mutoto," akasema, "mie ndiye nilimukataza kulia."

Shangazi akafungua mdomo, Papa akainua mkono.

"Siku tulizika mama yake, nyinyi mulikuwa mumetangulia. Tulikuwa tunashuka mu bonde, mie na yee. Akaanza kulia, na sauti ya mutoto munaijua. Na watu ya bunduki walikuwa wanapita juu yetu, mu njia, nasikia viatu. Nikamuziba kinywa na hii mukono. Akaniuma, sikumuachilia. Nilimubana mpaka wakaisha kupita, na walikuwa wengi. Nikajua nimemuua. Nilipotoa mukono, iko ananiangalia tu. Nikamuambia, usilie tena, mama, watatusikia. Akaitika na kichwa."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Na sikuwahi kusikia habari hiyo. Mimi nilikuwa mbele na mzigo wangu, nalia kwa uhuru wangu wote.

"Nilijisemea, vita ikiisha nitamuambia anaweza kulia. Vita haikuisha. Kwa hiyo sikumuambia." Akamgeukia shangazi. "Dada yangu, haiko jiwe. Ni kutii."

Shangazi aliketi palepale chini, kwenye matope, na kitenge chake cha arusi.

Papa akamwendea mdogo wangu. Akanyoosha mkono wake, ule wa kulia, uliojaa sugu za jembe, kiganja juu. "Kama hakuna wa kukushika, mie nakushika. Na ile neno nilikuambia mu bonde, leo naiondoa. Ukitaka kulia, lia. Ukikataa, twende hivi hivi."

Mdogo wangu aliuangalia ule mkono. Kisha akaushika kwa mikono yake miwili, akauinua, akaufunika juu ya kinywa chake mwenyewe. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanzoni hatukusikia kitu. Halafu ikatoka, kwenye kiganja cha Papa, sauti nyembamba ambayo haikuwa ya mwanamke wa kuolewa. Ilikuwa ya mtoto. Papa akaondoa mkono wake taratibu ili sauti ipite.

Alimwita Mama. Alilia kwa kupiga kelele, mdomo wazi, katika mlango wa nyumba, wakwe wamesimama. Barabarani chini watu walikuwa wanapita, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia anyamaze.